Usiku Ambao Mashabiki Walisoma Magazeti

Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi mmoja wa kikapu hapa Nairobi ambao sitautaja kwa sababu bado nataka kuingia tena, ile saa ndogo iliyo juu ya ubao ilizima. Ile kubwa ya mchezo ilikuwa bado inahesabu vizuri. Iliyozima ni ile ya sekunde 24, ile inayowaambia wenye mpira kwamba mnakaribia kuchelewa. Ilikuwa robo ya nne. Timu iliyokuwa mbele kwa pointi tano iliona, na papo hapo ikabadilika. Pasi huku, pasi kule, mtu anadundisha mpira karibu na mstari wa katikati kama anangoja matatu. Hakuna aliyekuwa akiangalia ringi.

Nilikuwa nimekaa safu ya juu, katikati ya jamaa wawili waliokuwa wamebishana tangu robo ya kwanza. Mmoja alisema kocha amemkalisha mchezaji wa maana benchi. Mwingine alisema huyo wa maana hajarudi kukaba hata mara moja tangu mechi ianze, wacha akae. Sasa kwa mara ya kwanza wakakubaliana. "Hawa wanatuchezea," mmoja akasema. "Si wanatuchezea, bro. Hawachezi kabisa," akajibu mwingine.

Kisha mathe mmoja aliyekaa mbele yetu na mtoto wake akaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi! Tisa! Nane! Alipofika saba, nusu ya ukumbi ilikuwa pamoja naye. Alipofika nne, hata wale waliokuja na timu iliyokuwa mbele walikuwa wanahesabu, maana kuhesabu kunaambukiza. Mwenye mpira akaangalia juu ya ubao, akakuta giza, akatuangalia sisi, akarusha. Mpira haukugusa chochote.

Refa, kusema ukweli, hakutuhitaji. Pale mezani kulikuwa na afisa mwenye saa ya mkononi na sheria inamruhusu aitumie. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza jinsi ule ukumbi ulivyojua la kufanya bila kufundishwa. Nikaenda kutafuta hiyo sekunde ya 24 ilitoka wapi. Nilichokuta ni kwamba kabla saa hiyo haijakuwa kifaa, ilikuwa hasira ya watu waliolipa kiingilio.

Wacha tuanze mbali kidogo. James Naismith alibuni mchezo huu Desemba 1891, Springfield, Massachusetts, na sheria 13, mpira wa miguu na vikapu viwili vya kubebea pichi. Vikapu vilipigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya jimu, na ukingo huo ulikuwa na urefu wa futi 10 kutoka sakafuni. Ndiyo sababu ringi iko futi 10 mpaka leo. Hakuna sayansi nyingine. Shida ni kwamba kwenye roshani ndiko watazamaji walikosimama. Timu yao ikirusha, wanausaidia mpira uingie. Wapinzani wakirusha, mkono unatokea juu na kuupiga nje. Ubao uliwekwa nyuma ya kikapu kuwazuia mashabiki. Hebu fikiria: kile kitu ambacho leo kila mchezaji anakitumia kupimia pembe ya mrusho wake kililetwa kama ukuta dhidi yetu.

Kwa hivyo mchezo huu una mazoea ya zamani ya kubadilika kwa sababu ya watu wasiocheza. Lakini Naismith hakuandika popote kwamba lazima urushe. Kwake timu yenye mpira ingetaka kufunga, basi. Ilichukua muda kabla watu wajanja hawajaliona pengo hilo.

Sasa ruka mpaka Minneapolis, Jumatano tarehe 22 Novemba 1950, usiku wa kuamkia sikukuu ya Shukrani. Watu 7,021 wameingia Minneapolis Auditorium kuwaona Lakers. Ndiyo, Lakers hao hao, kabla hawajahamia Los Angeles mwaka 1960. Ni mabingwa wa misimu miwili mfululizo, na nyumbani wameshinda mechi 29 bila kupoteza. Na wana George Mikan.

Mikan alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 10, karibu mita mbili na sentimita nane, miwani minene usoni, na viwiko ambavyo wapinzani waliviota usiku. Mwaka huo wa 1950 shirika la habari la Associated Press lilimtaja kuwa mchezaji bora wa kikapu wa nusu karne. Mwaka mmoja kabla, Lakers walipoenda New York, ubao wa matangazo nje ya Madison Square Garden uliandikwa Geo. Mikan dhidi ya Knicks. Jina la timu yake halikuwekwa. Ligi ilikuwa changa, pesa chache, na Mikan ndiye alikuwa tiketi. Wengi wa wale 7,021 walikuja kumwona mtu mmoja akipokea mpira chini ya kikapu na kugeuka.

Wageni walikuwa Fort Wayne Pistons. Fort Wayne ni mji wa Indiana, na jina la timu lilitoka kwa tajiri wake, Fred Zollner, ambaye kiwanda chake kilitengeneza pistoni. Kocha wao, Murray Mendenhall, alipiga hesabu ambayo mwalimu yeyote wa shule angeipa alama zote. Mikan hazuiliki akiwa na mpira. Hakuna sheria inayosema lazima tuuache mpira. Basi tusiuache.

Pistons waliposhinda mpira wa mwanzo, mchezaji wao aliupeleka karibu na katikati ya uwanja akasimama nao. Lakers walikuwa wamerudi nyuma kumlinda Mikan chini ya kikapu chao, hawakutoka. Jamaa alisimama pale, mpira kiunoni, wenzake wamesimama, wapinzani wamesimama, refa amesimama. Saa ya mchezo peke yake ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi usiku huo.

Baada ya robo ya kwanza ilikuwa 8–7, Fort Wayne mbele. Mapumzikoni 13–11, Lakers mbele. Mwisho wa robo ya tatu 17–16. Soma tena namba hizo, kwa sababu hapo hakuna kosa la uchapaji. Katika dakika 48 timu zote mbili zilirusha mara 31 tu: Pistons 13, Lakers 18. Mirusho minane pekee ndiyo iliyoingia, minne kila upande, yaani kwa wastani kikapu kimoja kila dakika sita. Yote minne ya Lakers ni ya Mikan. Alifunga 15 kati ya pointi 18 za timu yake. Tatu zilizobaki zilikuwa mitupo huru ya wenzake.

Na mashabiki? Hapa ndipo ninapoipenda hadithi hii. Walizomea. Hilo ni la kawaida. Walipiga miguu chini kwa pamoja mpaka ukumbi ukatetemeka. Hilo pia umeliona. Halafu wakachoka kuzomea, na wengine wakatoa magazeti wakaanza kusoma. Sijui kama kuna tusi kubwa zaidi ya hilo. Mtu anayekuzomea bado anakungojea. Mtu aliyefungua gazeti katikati ya mchezo wako ameshafanya hesabu na kuona kwamba bei ya vitunguu ina mvuto kuliko wewe. Leo tunafanya hivyo hivyo kwa simu, ila simu haina kelele ya karatasi ikifunuliwa, na mchezaji hawezi kujua kama unasoma memo ya bosi au unampiga picha.

Robo ya nne nzima ilizaa pointi nne. Lakers walipata moja, kwa mtupo huru. Pistons nao walikuwa wamepata moja. Ikawa 18–17, Lakers mbele, na Pistons wakaushika mpira kungojea sekunde za mwisho. Zikiwa zimebaki chache mno, Larry Foust akapokea pasi chini ya kikapu, akarusha juu ya mikono ya Mikan mwenyewe, ikaingia. Lakers walijaribu mrusho mmoja wa haraka ukakosa. 19–18. Mpaka leo hii ndiyo mechi ya NBA yenye pointi chache kuliko zote.

Ukiisoma hadithi hii mahali pengi, Mendenhall ndiye mbaya wake. Mimi sikubaliani. Alikwenda nyumbani kwa mabingwa, kwenye ukumbi ambako hakuna aliyeshinda mara 29 mfululizo, akatoka na ushindi bila kuvunja hata sheria moja. Kama ungekuwa shabiki wa Fort Wayne umekaa kwenye redio usiku ule, ungemwita mzembe? Sisi ambao tumeona timu zetu za soka zikipaki basi dakika 70 ugenini na kurudi na pointi moja tukazipokea kama mashujaa, tusijifanye. Ubaya ni kwamba alichofanya kiliwezekana, na kila kocha mwenye timu dhaifu alikiona.

Ila kulikuwa na swali ambalo Mendenhall hakuwa na sababu ya kujiuliza, na rais wa ligi, Maurice Podoloff, alikuwa nayo: wale 7,021 watarudi?

Wasimuliaji wengi huruka kutoka usiku ule moja kwa moja hadi kwenye saa ya kurusha, kana kwamba watu walikasirika Jumatano na Alhamisi kifaa kikafungwa ukutani. Haikuwa hivyo. Ilichukua karibu miaka minne. Podoloff aliwaita wahusika, wakazungumza, ikabaki kama makubaliano ya waungwana kwamba jambo hili lisirudiwe. Makubaliano ya waungwana, katika mchezo wenye washindi na walioshindwa! Wiki sita tu baadaye, tarehe 6 Januari 1951, Indianapolis Olympians walikwenda Rochester kucheza na Royals na mechi ikaingia muda wa nyongeza mara sita. Ukisikia nyongeza mara sita unafikiria vita. La. Kila timu iliyoshika mpira mwanzoni mwa kipindi ilikaa nao dakika karibu zote tano ingojee mrusho wa mwisho. Indianapolis walishinda 75–73, na mashabiki kwa mamia walikuwa wameshaondoka wakizomea.

Mwaka huo wa 1951 ligi ilichukua hatua, lakini ya upande mwingine: eneo lililo mbele ya kikapu lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12 ili Mikan asiweze kupiga kambi pale. Walimhamisha mtu badala ya kuushughulikia mpira.

Kuushika mpira kukazaa ugonjwa wa pili, ambao kwa mashabiki ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Kama timu iliyo mbele haiurushi mpira, mpinzani ana njia moja tu ya kuupata: amchezee faulo mwenye nao, ampe mtupo huru mmoja, halafu mpira uje kwake ajaribu viwili. Wa mbele naye, akiona hivyo, anarudisha faulo. Dakika za mwisho zikawa maandamano ya kwenda kwenye mstari wa mtupo huru, refa akipuliza filimbi kama trafiki wa mzunguko wa barabara. Kilele kilikuwa Machi 21, 1953, Boston Celtics dhidi ya Syracuse Nationals katika mchujo. Nyongeza nne, faulo 106. Bob Cousy wa Boston alipata pointi 50 usiku ule na 30 kati yake zilitoka kwenye mitupo huru 32. Ni rekodi ya kuheshimika. Lakini jiulize kama ungependa kukaa hapo kuiangalia ikitengenezwa.

Wakati huo huo ligi ilikuwa inakonda. Mwaka 1949, ligi mbili zilipoungana kuunda NBA, timu zilikuwa 17, nyingine za miji midogo kama Sheboygan na Waterloo. Kufikia msimu wa 1953–54 zilibaki tisa. Sababu zilikuwa nyingi, miji midogo haikuwa na watu wa kutosha kulipa mishahara. Lakini hakuna mji, mdogo wala mkubwa, unaoweza kuuza tiketi ya kuangalia mtu ameshika mpira kiunoni. Na kinachouma zaidi, huo ndio wakati ambapo kikapu cha vyuo, kilichokuwa na umaarufu zaidi, kilichafuliwa na kashfa ya wachezaji kuhongwa ili wapange matokeo, iliyolipuka New York mwaka 1951. Mlango ulikuwa wazi kwa wanaolipwa. Watu walichungulia ndani wakakuta hakuna kinachoendelea.

Aliyekuja na dawa hakuwa kocha wala mchezaji. Danny Biasone alizaliwa Italia, akavushwa bahari hadi Marekani akiwa mtoto, na alipokua akawa na ukumbi wa boling mjini Syracuse, jimbo la New York. Alikuwa mwenye Nationals, ile timu iliyofaulu kushiriki katika faulo 106. Ninavyomwelewa, alikuwa shabiki aliyejikuta na timu. Na alifanya kitu ambacho mashabiki hufanya: alirudi kwenye mechi alizozifurahia na kujiuliza zilikuwa na nini.

Aliangalia takwimu za mechi hizo akaona kwamba, zinaponoga, kila timu hurusha mara 60 hivi. Mbili, mara 120. Mechi ina dakika 48, ambazo ni sekunde 2,880. Gawanya 2,880 kwa 120. Inatoka 24. Ndiyo hesabu nzima. Ile sekunde 24 tunayoizungumzia kama kitu kitakatifu ni wastani wa raha ya mtu wa boling. Wapo wanaosisitiza kwamba Leo Ferris, aliyekuwa meneja wa timu hiyo, alikuwa na mkono mkubwa katika hesabu, na wana haki ya kusisitiza. Historia za aina hii huwa zinampenda mwenye mali.

Sasa weka namba hiyo kando ya Minneapolis: 120 dhidi ya 31.

Agosti 1954 Biasone aliwaalika wenye timu wenzake Syracuse, kwenye jimu ya shule ya ufundi ya Blodgett, waone mechi ya majaribio ikichezwa na saa. Dolph Schayes, nyota wa Nationals, alikuwa mmoja wa waliocheza. Mwanzoni wachezaji walishikwa na kiwewe, wakirusha ovyo haraka haraka kana kwamba sekunde 24 ni sekunde nne. Halafu wakagundua kwamba ni muda mrefu. Jaribu mwenyewe: hesabu mpaka 24 polepole na ufikirie pasi unazoweza kupiga. Wenye timu walikubali, na pamoja na saa wakaweka kikomo cha faulo za timu katika kila robo, kwa sababu saa peke yake isingezima yale maandamano ya mitupo huru. Kipande hiki cha pili husahaulika. Kifaa chenye taa kina bahati zaidi katika historia kuliko kifungu cha sheria.

Mechi ya kwanza ya msimu wa saa ilichezwa Oktoba 30, 1954, Rochester wakiwashinda Boston 98–95. Msimu uliotangulia wastani wa timu ulikuwa pointi 79.5 kwa mechi. Msimu huo ukapanda hadi 93.1. Miaka michache baadaye timu ya kawaida ilikuwa inapita 100. Mikan hakuwepo kuiona. Alistaafu kabla msimu haujaanza, na aliporudi kwa muda mfupi msimu uliofuata, mchezo ulikuwa umeshaongeza mwendo akabaki nyuma. Kwake yeye hilo sidhani kama lilikuwa la haki. Mbinu ya Mendenhall ilibuniwa kumkwepa, na dawa ya mbinu hiyo ikammaliza yeye.

Kisha, kama ningekuwa natunga, ungesema nimezidisha. Fainali ya msimu huo wa kwanza wa saa ilikuwa Syracuse Nationals wa Biasone dhidi ya nani? Fort Wayne Pistons. Na Fort Wayne walilazimika kucheza mechi zao za nyumbani za fainali huko Indianapolis, kwa sababu ukumbi wao ulikuwa umekodishwa kwa mashindano ya boling. Boling!

Ilikwenda mpaka mechi ya saba, Aprili 10, 1955, Syracuse. Fort Wayne walifungua pengo la pointi 17. Chini ya sheria za 1950, tunajua timu hiyo ingefanya nini na pengo la pointi 17: ingekaa nalo. Sasa kila sekunde 24 ilibidi wafungue mkono. Syracuse wakarudi polepole, mpaka zikibaki sekunde 12 George King akafunga mtupo huru uliowaweka mbele kwa pointi moja. Fort Wayne wakaja na mpira wa mwisho, King huyo huyo akaupora. 92–91. Timu iliyoshinda kwa pointi moja kwa kuizuia saa ikapoteza ubingwa kwa pointi moja kwa sababu ya saa.

Kwingineko mambo yalienda kwa mwendo wao. FIBA iliweka sekunde 30 mwaka 1956 na ikakaa nazo hadi mwaka 2000 iliposhuka hadi 24. Vyuo vya Marekani vya wanaume vilikataa kabisa, makocha wakisema saa inaua mbinu. Machi 1982, fainali ya kanda ya ACC, North Carolina wa kocha Dean Smith wakiwa na kijana wa mwaka wa kwanza anayeitwa Michael Jordan waliushika mpira dakika nyingi dhidi ya Virginia yenye Ralph Sampson na kushinda 47–45, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Hebu fikiria, una Jordan uwanjani na unaamua watu wasimwone akicheza. Miaka mitatu baadaye vyuo navyo viliweka saa, ya sekunde 45. Watu 7,021 hawakutosha kuwashawishi. Ilibidi wazomeaji wawe mamilioni, kila mmoja sebuleni kwake.

Narudi kwetu. Wapenzi wa kikapu Kenya wana tarehe moja ambayo hawahitaji kukumbushwa: Februari 20, 2021, Yaoundé, Kamerun. Morans dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, katika mechi za kufuzu. Kenya haikuwa imecheza AfroBasket tangu 1993, mwaka mashindano yalipofanyika hapa Nairobi. Ulikuwa wakati wa Corona, kwa hivyo ukumbi wetu ulikuwa simu. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu kama 40 na kila mmoja alikuwa kocha. Huyu anataka mabadiliko, yule anauliza kwa nini hatuchukui mpira ukigonga ringi, mwingine anamlaumu refa ambaye hata hajulikani jina, na kuna mmoja, kila kundi linaye, aliyeandika mapema kwamba imeisha, tukubali tu. Kocha halisi, Liz Mills kutoka Australia, alikuwa na bahati kwamba hakuwa kwenye kundi.

Unajua kilichotokea. Angola wakiwa mbele, Tylor Ongwae aliruka, akarusha, kengele ikalia, mpira ukaingia. 74–73. Yule wa kukubali tu alifuta ujumbe wake, lakini tayari watu watatu walikuwa wameupiga picha.

Ninachotaka kusema kuhusu mechi ile ni kidogo. Angola ni timu yenye ujuzi wa kutosha kuushika mpira dakika mbili bila kunyang'anywa na mtu. Kwa sheria za Mendenhall, Kenya ingekuwa inaangalia tu, sisi tukiwa tumefungua programu nyingine kwenye simu. Sheria iliyowalazimisha waurushe, wakose, watupe nafasi, ilianzia kwa watu waliokaa Minneapolis usiku wa Jumatano bila kujua kwamba Morans watakuwepo siku moja.

Kule kwenye ukumbi nisioutaja, fundi alikuja na ngazi zikiwa zimebaki dakika tatu. Akapanda, akagusa waya mmoja, taa nyekundu ikarudi: 24. Watu wakapiga makofi kuliko walivyopigia kikapu chochote siku ile. Wale jamaa wawili wakarudi kwenye ubishi wao wa nani alipaswa kukaa benchi. Mathe wa mbele alimpa mtoto juisi na hakuhesabu tena, isipokuwa mara moja, kimya kimya, midomo tu ikicheza, tano, nne, tatu, akitaka kuhakikisha kwamba mashine haitudanganyi.